Kiti Kinachotazama Nyuma

Katika nchi ile ya juu, ambako hewa ni haba kama nyama katika sufuria ya maskini, binadamu hubebana. Gurudumu halijawahi kufika huko, na farasi hufia njiani. Wapo lama, wale wanyama wa mizigo wenye shingo ndefu na macho ya kiburi, lakini lama ana akili: ukimzidishia mzigo hulala chini akakutemea mate, na hakuna fimbo itakayomwinua. Binadamu hakujaliwa akili hiyo. Basi anayetaka kupanda huketi juu ya kiti cha miti kilichofungwa mgongoni mwa mtu, mgongo kwa mgongo, na ukanda wa ngozi hupita kwenye paji la uso la mbebaji kushika uzito. Kwa kuwa wamepeana migongo, anayebeba huiona miguu yake tu, na anayebebwa huona alikotoka. Hakuna kati yao anayeona mbele. Wenyeji hawaoni ajabu. Wao husema yaliyopita ndiyo yaliyo mbele ya macho, maana si unayaona? Na yajayo yako kisogoni, maana nani aliyewahi kuyaona? Ukiwaambia kwamba kwenu mambo ni kinyume, wanakuangalia kwa huruma, kama anavyoangaliwa mtu aliyevaa shati nje ndani, na wanaendelea na shughuli zao.

Siku ya sita ya safari, au labda ya sitini, kwani kule juu siku hukataa kuhesabiwa, Khelef alikuwa angali kitini na angali na hasira. Sitampamba. Alikuwa mzee wa miaka sitini na mmoja, mwembamba, msafi, ndevu zimenyooshwa kama mpaka wa shamba, na katika nchi ya chini alikuwa hakimu. Kukaa kitini hakukuwa jambo geni kwake. Miaka thelathini alikaa juu ya kiti cha mninga, watu wamesimama chini yake, akawa anawagawia miaka ya kifungo kama mama anavyogawa ukoko, huyu kipande, yule kipande. Alichokuwa hajakizoea ni kiti kinachopumua. Kila hatua aliyopiga Saturnina, yule mama aliyembeba, ilipanda kupitia uti wake wa mgongo ikaingia katika uti wa Khelef, hata ikafika wakati hakujua tena ile pumzi ya kukoroma ni ya nani. Mara mbili tatu alijikuta anatua mguu hewani, kana kwamba ni yeye anayetembea.

Nani msafiri hapo? Nimeliuliza swali hili mara nyingi na sijapata wa kunijibu. Anayebeba huijua njia kwa nyayo, jiwe kwa jiwe, lakini haendi kokote. Akifika hugeuka akarudi alikotoka. Anayebebwa ndiye mwenye safari, lakini hakuna jiwe hata moja analolijua. Mmoja ana njia bila safari, mwingine ana safari bila njia, na katikati yao kuna mbao mbili na kamba. Wenye nguvu wa dunia hii wote wameketi pale, juu ya mbao mbili na kamba, wakidhani wanakwenda.

"Mheshimiwa anasikia kizunguzungu?" Khelef alikuwa amemfundisha Saturnina kumwita Mheshimiwa, na kwa siku mbili yule mama alijaribu. Siku ya tatu alichoka.

"Baba Raya, unasikia kizunguzungu?"

"Nilikwambia uniite nani?"

"Huku juu hakuna mheshimiwa, baba. Kuna mwepesi na kuna mzito. Wewe ni mzito." Akatema majani ya koka aliyokwisha kuyatafuna, akatia mengine shavuni, akaendelea kupanda. Alikuwa mfupi, mpana, wa miaka arobaini na kitu, kofia ya duara imekaa upande, na katika paji lake la uso ukanda ulikuwa umechimba mfereji ambao hata akiuvua haukuondoka.

Raya huyo ndiye aliyempandisha hakimu kwenye milima. Ujumbe ulifika nchi ya chini kwa kinywa cha muuza chumvi mmoja, aliyesimama barazani kwa Khelef na kuusema kama alivyoukariri: "Mwanao Raya anaumwa mapafu. Anasema uje kabla viazi havijagandishwa. Hataki dawa, hataki zawadi. Anataka umtazame usoni, basi." Huko juu viazi humwagwa uwanjani wakati wa baridi kali, vikagandishwa na baridi ya usiku na kukanyagwa kwa miguu mpaka maji yatoke, vikakauka vikawa akiba ya mwaka. Raya alikuwa anasema, kwa lugha ya pale alipohamia, kwamba baridi kali haitamkuta.

Umtazame usoni. Khelef alielewa mara moja, na muuza chumvi alipoondoka aliketi akashindwa kuinuka. Miaka kumi na mmoja nyuma, mchukuzi mmoja wa kutoka nchi ya juu, jina lake Ilario, aliletwa mbele yake kwa kosa la kuutua mzigo. Alikuwa amebeba kabati la vioo la tajiri fulani, na katikati ya daraja akaliweka chini, akasema limemshinda, na hakulibeba tena. Tajiri akalia, vioo vikaonyeshwa mahakamani vipande vipande. Shahidi wa utetezi alikuwa mke wa mshtakiwa, na mke huyo alikuwa Raya, binti pekee wa hakimu, aliyeolewa bila baba kuulizwa. Khelef alijua kabla hajaingia. Akainamia karatasi. "Shahidi, taja jina lako." Akasikia, "Baba, nitazame." Akasema, "Mahakama haina mtoto," na karani akaandika. Tangu Raya alipoingia mpaka alipotoka, Khelef hakuyainua macho, kwa sababu alijua akiyainua hukumu itamponyoka. Alimpa Ilario miaka saba. Ilario alikufa gerezani katika mwaka wa pili, na Raya akauchukua mwili wake akaupandisha kwa watu wake, na huko huko akabaki.

Basi hiyo ndiyo safari. Mzee mmoja anakwenda kuyainua macho. Mambo mepesi ya dunia hucheleweshwa hivi hivi mpaka yakawa mazito, na hapo ndipo hutafutwa wa kuyabeba.

Siku za kwanza Khelef alidhani anaona njia tu: ukuta wa mawe, majani makavu, ziwa la chumvi limelala chini jeupe kama sanda. Lakini kadiri hewa ilivyopungua, njia ilianza kujaa watu. Walitokea kwenye kona ambazo kiti kilikuwa kimekwisha kuzipita, wakafuata taratibu. Hawakukimbia, hawakusema neno. Khelef aliwatambua mmoja mmoja, akaanza kuzungumza peke yake, midomo imekauka.

Yule pale. Wa ng'ombe. Nilimpa miezi minane. Alikuwa na haki? Sikumbuki. Alikuwa na kikohozi, kikohozi nakikumbuka. Na yule, mwanamke wa mkufu. Usinitazame, mama, sheria sikuitunga mimi. Mimi niliisoma tu. Shuwena. Mke wangu, wewe umekufa, unafanya nini kwenye baridi hii na kanga moja? Rudi. Nani amekupa ruhusa. Na huyu mtoto uliyemshika mkono ni nani, mbona amevaa kiatu kimoja. Raya, kiatu chako kiko wapi. Nilikwambia usivue.

"Unaona watu?" Saturnina aliuliza kutoka upande wa pili wa mbao.

"Naona njia."

"Kila ninayembeba huona watu. Wengine hulia, wakanilowesha mgongo." Akapiga hatua kadhaa, akivuta pumzi. "Ilario alinibeba mimi nilipovunjika mguu. Alikuwa na mgongo mzuri. Haukuyumba."

Nilisema sitampamba, lakini nisimdhulumu pia: kwa muda mrefu baada ya hapo alifumba macho, na kope zake zilikuwa zinatetemeka.

Walipofika kitongoji cha kwanza hapakuwa na mtu. Nyumba za mawe, paa za nyasi, moshi unatoka, lakini mlangoni hakuna hata mbwa. Kiti kilipita katikati ya nyumba hizo kama kinavyopita makaburini. Kisha, kilipokwisha kuzipita nyumba, watu wakatoka. Wanawake wenye mashuka ya rangi, wanaume waliovaa poncho, yale mablanketi yenye tundu la kupitishia kichwa, wote wakaja nyuma ya kiti, wakamtazama Khelef machoni, wakatabasamu kwa meno mabovu. Mzee mmoja akamnyooshea majani matatu ya koka yaliyopangwa vizuri kama karata. Wakatembea naye hivyo mpaka mwisho wa mashamba. Khelef alipokea majani, akatikisa kichwa kidogo kama anavyofanya hakimu kabla hajaketi, na moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu aondoke kwao.

"Wananifuata," alisema. "Wanajua mimi ni nani."

"Hawakufuati, baba. Wanakupokea. Huku mgeni hapokewi kwa mbele, kwa sababu mbele hana macho. Anayekupenda anakungoja pembeni, anakuacha upite, ndipo anatoka aje usoni pako."

"Sawa," alisema Khelef, kwa ile sauti anayoitumia kwa wakili aliyerudia maneno. Alikwisha kuamua. Mtu aliyetazamwa na watu miaka thelathini kutoka chini huamini kwamba kila jicho linalomwelekea linamwelekea kwa hofu, na ukimwambia ni upendo anahisi umempunguzia cheo. Mwenye macho haambiwi tazama, walisema wahenga. Hawakusema aliyeyakodisha macho yake kwa kiti aambiwe nini.

Walilala hapo, mwisho wa mashamba. Asubuhi yake, ambayo ilikuwa ya mwisho, njia ilianza kupanda kuelekea kijiji cha Raya. Saturnina alisema wangefika kabla jua halijasimama, mbingu ikikubali. Na asubuhi hiyo, katika ile jamii iliyokuwa ikimfuata Khelef, wote walikuwa wamepotea. Yule wa ng'ombe hakuwepo, Shuwena hakuwepo. Alikuwepo mmoja tu, Raya wa siku ya mahakama, gauni la buluu, mikono imeshika ukingo wa kizimba ambacho hakikuwepo. Kila kona alisogea. Kinywa kilikuwa wazi na Khelef alijua kitasema nini. Aliinamisha kichwa. Kuna nini cha kusoma hapa, magoti yake tu, akayasoma magoti yake. Alikuwa amesafiri nchi nzima kwenda kumtazama Raya, na Raya alipokuja akatazama magoti.

"Nitue," alisema. "Nigeuze."

"Kukugeuza vipi?"

"Kiti kigeuze. Nataka kutazama mbele. Mwanangu yuko mbele, mimi nimekaa namtazama nani huku?"

Saturnina alimtua juu ya jiwe bapa, akajifungua ukanda, akazunguka akaja kusimama mbele yake. Kwa siku zote hizo ilikuwa mara chache kumwona uso. "Kiti hakigeuzwi, baba. Ukikaa hivyo miguu yako itanining'inia masikioni, nitasikia nusu na kuona robo. Na uzito utanisukuma mbele. Hilo nalivumilia. Lakini leo tunafika. Wanaokupenda watatokea wapi, na wewe umewapa kisogo?"

"Anayenipenda yuko kitandani, hawezi kutokea popote. Geuza."

"Baba Raya."

"Hilo ni agizo."

Nimefikiri sana juu ya neno hilo agizo. Ni neno fupi, na halijawahi kubeba kitu chochote lenyewe. Daima hutafuta mgongo. Saturnina aliangalia mawingu, akaangalia kamba, akapima umbali na uchovu wake. Labda angekataa. Ilario alikataa siku moja, na kila mtu katika nchi ile alijua kilichompata. Akafungua fundo moja baada ya jingine, akageuza kiti, akafunga. Hakimu akakaa tena, uso mbele, miguu yake imeangukia mabega ya yule mama, na kisogo chake kikaielekea njia yote waliyoipanda.

Mbele hapakuwa na kitu. Ukungu, mweupe, mzito, umekaa pua kwa pua. Alingoja uondoke, haukuondoka. Lakini nakwambia, alifurahi. Hakuna uso katika ukungu. Hakuna anayekufuata. Alihisi mwepesi, akahisi kwamba hatimaye anakwenda mahali badala ya kuondoka mahali, na akaanza kupanga maneno atakayosema atakapoingia chumbani. Mwanangu, nimekuja. Hapana. Raya, nitazame. Hapana, hilo ni lake. Nimekuja kukutazama. Hivyo. Nimekuja kukutazama, basi. Akayarudia maneno hayo kama mtoto anayepeleka ujumbe kwa jirani, asije akayasahau.

Baada ya jiwe moja kubwa lililoinama kando ya njia, wakaingia korongoni. Ni mkato mwembamba katikati ya mwamba, upana wa mtu na kiti chake, na juu yake mawe yamekaa kwa adabu tu. Mtu akipaza sauti, mawe huteremka. Kwa hiyo katika korongo lile hakuna anayeita wala kuimba, hata mama aliyepotelewa na mtoto. Njia yenyewe ni ndefu, kupanda tupu, mpaka kijijini. Walikuwa hawajafika mbali Saturnina aliposimama.

"Kuna nyayo nyuma," alisema kwa kunong'ona.

"Endelea."

"Tunapokewa, baba. Mguu mmoja unaburutwa. Mimi kwa miguu yako hii siwezi kugeuka, na hapa ni pembamba. Hapo juu pana nafasi ya kupumzikia. Nikutue hapo umtazame."

"Watanipokea tukifika. Tumekwisha kuchelewa usiku mzima kwa watu wa majani matatu. Wewe nenda."

Akaenda. Nafasi ya kupumzikia ikafika, akaipunguzia mwendo, akasema tena, "Baba, bado yupo. Anahema vibaya." Khelef alikuwa na uchungu wa kweli wakati huo, sikufichi. "Sina haja na msafara," alisema. "Nina haja na mwanangu. Kila dakika unayosimama unamuua." Na akampiga kwa kisigino, si kwa nguvu, kama mtu anavyomgusa punda. Nadhani hakujua amefanya hivyo. Saturnina alijua. Akainamisha kichwa, akaipita nafasi ile, na baada ya kona moja hakuzisikia tena zile nyayo, wala hakusema.

Kijijini ukungu uliisha ghafla na jua likawaka. Wanawake walikuwa wamesimama nyuma ya kuta, tayari kutoka kiti kikishapita. Walipoona kimegeuzwa, uso wa mgeni umetangulia, walivuta mashuka yao wakajifunika nyuso wote kwa pamoja, kwa sababu kwao mgeni anayeingia hivyo hatazamwi mpaka apokewe upya. Khelef alishuka mwenyewe, akashika ukuta.

"Raya yuko wapi?"

Mwanamke mmoja mzee, Nazaria, mama wa marehemu Ilario, alimjibu kutoka chini ya shuka. "Tukuulize wewe."

"Mimi ni babake. Nimefika. Nionyesheni chumba."

"Hayumo chumbani. Alfajiri tulimteremsha mpaka kwenye lile jiwe lililoinama. Miezi miwili hajatoka kitandani, leo ametembea. Akatufukuza, akasema turudi tukapike, babake hawezi kula viazi vitupu. Akasema atakaa nyuma ya jiwe, kiti kikipita atatoka akufuate mpaka hapa. Alisema, nina pumzi ya kutosha njia hiyo moja. Atanitazama njia nzima, hana pengine pa kutazama." Nazaria aligeuza kichwa kuelekea korongoni. "Hukumwona?"

Hakimu aligeuka kumtafuta Saturnina. Yule mama alikuwa ameketi chini, ukanda mkononi, analia bila kujifuta. "Nilikwambia kuna nyayo," alisema. "Nilikwambia mara mbili."

Watu walikwisha kukimbia. Walimpita Khelef kushoto na kulia, mashuka yakiwa yamefunika nyuso mpaka walipompita, wakaingia korongoni. Saturnina alijitwisha kiti kitupu, akawafuata. Khelef aliwafuata kwa miguu yake, kwa mara ya kwanza katika nchi ile. Hewa ilimkatalia. Hatua kumi, akasimama. Hatua saba, akashika mwamba. Hakuna aliyejitolea kumbeba, na ajabu ni kwamba halikumjia hata wazo la kuagiza. Pumzi aliyokuwa akiisikia sasa, ile ya kukoroma, ilikuwa yake peke yake.

Alipowafikia walikuwa wamekwisha kumweka kitini. Raya alikuwa ameanguka hatua chache chini ya ile nafasi ya kupumzikia. Kiti kilikuwa kimefungwa upya kama kinavyotakiwa, kimeegemezwa wima katikati ya njia, kimeipa njia ya juu mgongo. Kwa hiyo Khelef, aliyekuwa anateremka, aliona mbao, kamba, na ukanda wa ngozi unaning'inia ukimngoja. Juu ya mbao aliona shungi la nywele lenye mvi, na kando yake mkono umening'inia, mwembamba, udongo wa viazi umeingia ndani ya kucha. Hakuutambua mkono ule. Watu wote walikuwa upande wa pili, wa chini, wanamtazama Raya usoni.

"Nipisheni," alisema, maana ukutani palikuwa na nafasi ya mtu kujipenyeza.

"Ngoja," alisema Nazaria kutoka upande wa pili. "Usije kabla hujasikia. Kwetu anayembeba maiti hamtazami, na anayemtazama hambebi. Mtu akifanya yote mawili maiti hukataa kutua. Na wa kumbeba ni wa damu yake au mumewe. Mumewe unajua alipo."

"Na wewe? Ulikuwa mkwewe."

"Mkwe si damu. Ningekuwa damu ningekuwa nimekwisha kumwinua."

"Na nikija kumtazama?"

"Mtazame. Alikuita kwa hilo, hatukuzuii. Utamtazama mpaka utosheke, kisha tutakwenda zetu, na yeye atabaki hapa. Kule juu tumemchimbia karibu na Ilario, lakini hatafika. Tai hawaulizi ukoo."

"Hiyo ni sheria gani?" alisema Khelef, na sauti ilimtoka kama ya wale waliokuwa wakisimama chini yake.

"Hatukuitunga sisi," alisema Nazaria. Hakusema kwa kejeli. Alikuwa mama mzee anayemweleza mgeni desturi, na baridi ilikuwa inamwingia. "Kata wewe, baba."

Maisha yake yote alikata kesi upesi. Karani wake alikuwa akijisifia hilo mitaani. Hii ilimchukua muda mpaka kivuli cha mwamba kikatambaa kikawafunika wote. Alisogea ukutani, kwenye ile nafasi. Akaweka mguu. Kutoka hapo aliona ncha ya sikio, na hereni ndogo ya fedha, na hatua moja zaidi ingetosha. Nitazame, alisema mtu, au hakuna aliyesema. Nimekuja kukutazama, basi. Maneno alikuwa nayo, hakuyasahau hata moja. Akasimama hivyo, mguu mmoja huku na mmoja kule. Nami namwona hapo hata leo, na sijui ningemshauri nini. Kila mara nikimsogeza mbele namwona Raya ameachwa na ndege, na kila mara nikimrudisha namwona mzee asiyetazama. Kisha akaurudisha mguu. Akageuka, akapiga magoti, akauvuta ukanda akauweka kwenye paji lake la uso, na Saturnina akaja kwa nyuma kumsaidia kunyanyuka. Raya alikuwa mwepesi sana. Hilo ndilo jambo la kwanza alilolijua juu yake baada ya miaka kumi na mmoja.

Walipanda. Yeye mbele, macho kwenye miguu yake, na mgongoni mgongo wa mwanawe. Na wale watu wote nyuma, mashuka wameyafunua, wakitembea pamoja na Raya kama anavyopokewa mgeni. Khelef alisikia wanamsemesha Raya polepole kwa lugha yao. Wakati mwingine walicheka kidogo, kama watu wanaokumbushana jambo.

"Macho yake yako wazi?" aliuliza, akiyaambia mawe.

"Yako wazi," alijibu Nazaria.

"Anatazama nini?"

"Sisi. Na njia."

Akaenda hatua ishirini, akapumzika, akaenda kumi. Jasho lilimwingia machoni na hakuwa na mkono wa kulifuta.

"Amebadilika?"

"Tutajuaje, baba, sisi tulimpata hivi hivi. Ana kovu kidevuni. Aliteleza mwaka wa pili akiwa na mtungi, tukamshona kwa uzi wa sufu."

"Sikulijua hilo."

"Hukulijua."

Korongo lilianza kufunguka, paa za kwanza zikaonekana, ingawa yeye hakuziona. Miguu ilikuwa imekwisha kuwa ya mtu mwingine. Aliuliza la mwisho kwa kunong'ona, kwa kuwa hata yeye sasa aliogopa mawe.

"Mamake alikuwa akisema pua ni yangu. Na hapa, kwenye nyusi. Niambieni kweli. Amefanana na mimi?"

Nyuma walijadiliana. Aliwasikia wakiulizana na kubishana kidogo, kwa unyofu, kama watu wasiotaka kumdanganya mzee aliyechoka. Kisha Nazaria akamjibu kwa niaba ya wote.

"Hatuwezi kujua, Baba Raya. Wewe bado hatujakuona. Huku nyuma anaonekana yeye tu."